Madoa meupe kwenye tangi lisiloingiza samaki mpya kwa miezi 5: vimelea vimetoka wapi, na natibu vipi?

#1 Mapezi Matano
Wakuu salaam. Naomba msaada wa haraka.

Tangi la maji baridi, lita 120. Ndani kuna tetra wa neoni 14, Corydoras (kambale wadogo) 6, gapi 5, uduvi wadogo wekundu na konokono. Joto ni 24°C. Samaki wa mwisho aliingia miezi 5 iliyopita. Juzi mkia wa gapi mmoja ulikuwa na vidoa vyeupe 3. Leo asubuhi neoni 6 wanavyo, kila kidoa kama chembe ya chumvi, na Corydoras wawili wanajisugua kwenye changarawe.

Mambo mawili huenda yanahusika: hita ilikufa wiki iliyopita, maji yakashuka hadi 20°C kwa usiku 2. Na siku 9 zilizopita niliweka mimea mipya 3. Amonia 0, nitriti 0, nitrati 30.

Kama hakuna samaki mpya, vimelea vimetoka wapi? Na nianze na joto, chumvi au dawa ya chupa?

#2 Hita ya Pili
Pole mkuu. Havijatoka popote, vilikuwamo. Kimelea hiki kipo karibu kila tangi, kinalala hadi samaki wapate baridi. Hita ikafa, kikaamka. Pandisha joto hadi 30°C kwa siku 10, basi.

#3 Hadubini
Hita ya Pili, hapo kwenye "kinalala" nakukatalia. Ichthyophthirius multifiliis, yaani kimelea cha madoa meupe, hana hatua ya kulala inayojulikana. Kinachoonekana kama doa ni kimelea kimoja kilichokua chini ya ngozi ya juu ya samaki, kinakula seli zake. Kikishiba kinatoboa na kutoka, kinaogelea kidogo, kinajibandika kwenye changarawe, jani, kioo au sponji ya chujio, na kujizungushia kifuko cha ute. Humo kinagawanyika 2, 4, 8, hadi mamia, wakati mwingine kufikia elfu. Kifuko kikipasuka, watoto wanaogelea kutafuta samaki. Wakimkosa kwa siku moja au mbili hivi, wanakufa.

Kwenye 24–26°C mzunguko mzima ni siku 4 hadi 7 hivi. Kwenye 10°C unaenda wiki kadhaa. Kwa hiyo katika tangi lako hakuna kifuko kilichosubiri miezi 5. Ama kimelea kimeingia karibuni, ama kimekuwa kikizunguka kwa uchache juu ya samaki bila kuonekana.

La muhimu zaidi kwa tiba: dawa haiui doa. Ngozi ya samaki inakilinda kimelea kilicho chini yake, na ute wa kifuko unawalinda wanaogawanyika. Wanaokufa ni wale wanaoogelea tu. Madoa yakidondoka yote kwa siku moja watu hufurahi na kuacha tiba, kumbe ndiyo saa ambayo vifuko vimejaa sakafuni.

#4 Chumvi kwa Gramu
Nakazia #3. Na kwa kuwa una uduvi na konokono, dawa yoyote yenye shaba isiingie humo. Inawaua kwa kiwango kidogo kuliko kile kinachohitajika kwa kimelea, na shaba iliyonyonywa na changarawe na miamba hurudi majini polepole.

Ningeanza na chumvi gramu 2 kwa lita. Ila kabla ya kupima, "lita 120" umeitoa wapi? Kwenye boksi la tangi au umepima maji?

#5 Mapezi Matano
Kwenye boksi mkuu. Vipimo vya nje ni sentimita 90 × 35 × 40, kioo cha milimita 6. Changarawe ina unene wa sentimita 5, na kutoka juu ya changarawe hadi uso wa maji ni sentimita 32.

#6 Chumvi kwa Gramu
Basi tuhesabu. Ondoa kioo pande mbili: urefu wa ndani 88.8, upana 33.8. Zidisha kwa 32, unapata sentimita za ujazo 96,046, yaani lita 96. Ungetia dozi ya lita 120 ungezidisha kwa robo nzima. Kwa chumvi si hatari sana. Kwa malakaiti (dawa ya kijani ya kuua vimelea) ni tofauti ya samaki hai na samaki anayeelea.

#7 Kokoto Safi
Umesahau maji yaliyo ndani ya changarawe. Tabaka la sentimita 5 kwa eneo hilo ni lita 15, na takriban asilimia 40 ya changarawe ni nafasi tupu. Ongeza lita 6. Toa miti na mawe kama yapo. Namba ya kufanyia kazi ni lita 100.

#8 Chumvi kwa Gramu
Sahihi, asante. Lita 100, rahisi kwa hesabu pia. Jumla gramu 200, usizimwage kwa mkupuo:

Gramu 70 sasa, 70 baada ya saa 12, 60 baada ya saa 12 nyingine. Kila fungu liyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi mpaka usione chembe, kisha mimina taratibu pale maji ya chujio yanapotokea. Chembe nzima ikimwangukia Corydoras aliyetulia chini inamchoma.

Pima kwa mizani ya jikoni, si kwa kijiko. Kijiko cha chumvi laini na cha chumvi ya mawe havilingani uzito. Chumvi ya kawaida inafaa. Madini joto yaliyomo ni kidogo mno kumdhuru samaki. Isiwe na viungo wala manukato.

Ukibadilisha maji lita 25, rudisha gramu 50 tu, yaani 25 × 2. Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matupu bila chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Wengi wanakosea hapo: wanaongeza "kijiko cha siku" na baada ya wiki tangi liko gramu 5 kwa lita bila wao kujua.

#9 Mwani
Chumvi na Corydoras? Hawa hawana magamba jamani, wataungua.

#10 Kokoto Safi
Dada Mwani, Corydoras wana safu mbili za mabamba ya mfupa kila upande wa mwili. Wasio na kinga hiyo ni aina nyingine za kambale, na lochi ambao magamba yao ni madogo mno. Corydoras wanavumilia gramu 2 kwa wiki mbili ikiwa imepandishwa kwa hatua. Wanaogoma mapema ni mimea ya majani laini. Anubias na jimbi la Java huvumilia, mingine inaweza kuyeyuka.

#11 Hita ya Pili
Bado sijaona sababu ya kuchezea chumvi wakati joto peke yake linafanya kazi. Kwenye 30°C kimelea hakizaliani. Kutoka 24 ni nyuzi 6. Panda nyuzi 1 kila saa 8, baada ya siku 2 umefika. Shikilia siku 10 baada ya doa la mwisho kutoweka, kisha shuka kwa mwendo ule ule.

Kosa ni kupandisha hadi 27 na kuishia hapo. Hapo hujazuia kitu, umeharakisha mzunguko tu: madoa yanaongezeka haraka, kila kizazi kinawahi kuliko kile kilichotangulia. Joto la nusu ni bora uliache kabisa, isipokuwa kama kuna chumvi au dawa majini inayowasubiri wanaotoka.

#12 Fundi Chujio
Hita ya Pili, jina lako limekuponza, kwako kila ugonjwa dawa yake ni hita 😄. Kuna aina za kimelea hiki zilizoripotiwa kuvumilia joto hilo, kwa hiyo siku ya 5 kwenye 30°C ukiona madoa mapya, usiendelee kungoja.

Halafu hewa. Maji ya 24°C yakishiba oksijeni yanabeba takriban miligramu 8.4 kwa lita. Ya 30°C takriban 7.6. Pengo linaonekana dogo, lakini samaki mwenye joto anahitaji oksijeni zaidi, na huyu mwenye vimelea matamvuani anaipata kwa shida. Kabla hujagusa hita, weka jiwe la hewa, au inua bomba la chujio lipasue uso wa maji. Anayepumua juu juu usiku wa kwanza mara nyingi anakosa hewa, ugonjwa wenyewe haujamzidi.

#13 Mwani
Na neoni kwenye 30°C wiki mbili mnawatesa. Wao wanapenda 22–25. Gapi hawana shida. Kwenye tangi la mchanganyiko, 28°C na chumvi ya Chumvi kwa Gramu ingekuwa njia ya kati: mzunguko unakimbia, na wanaotoka wanakutana na chumvi.

#14 Hadubini
Pendekezo la #13 lina mantiki kwa mzigo huu wa samaki. Ila tunatibu kwa kudhani. Mapezi Matano, madoa yote yana ukubwa mmoja? Yamelala kwenye ngozi au yamesimama kama vinyoya? Yapo machoni?

Madoa ya Ichthyophthirius hufanana, mviringo, kama yamechomekwa ndani. Epistylis, kiumbe mwingine mdogo anayeweza kuonekana kama madoa, hukaa juu ya ngozi kwa makundi, ukubwa tofauti, ukimtazama samaki kwa pembeni unaona vishungi vimetokeza. Huyo chakula chake ni bakteria, hamli samaki. Anastawi maji yakiwa na uchafu mwingi wa mabaki, na vidonda anavyoviacha vinashikwa na bakteria. Ukimpandishia joto unawasaidia bakteria. Kwa hiyo tiba nzuri ya moja ni tiba mbaya ya nyingine.

#15 Mapezi Matano
Mengi yamelala, sawa sawa. Lakini neoni mmoja ana doa juu ya jicho, na gapi ana moja kubwa ukingoni mwa pezi.

#16 Jicho la Samaki
Doa jichoni ni Epistylis, hakuna mjadala. Madoa meupe ya kawaida hayapandi juu ya jicho. Na nitrati 30 baada ya hita kufa inaonyesha maji yamechoka. Safisha changarawe, badilisha maji asilimia 40, acha joto lilivyo.

#17 Hadubini
Mjadala upo. Konea (utando wa mbele wa jicho) ina ngozi yake ya juu pia, na Ichthyophthirius anaweza kujichimbia humo. Doa jichoni linaongeza shaka, halitoi hukumu. Nitrati 30 nayo haielezi kitu. Matangi mengi yenye afya yanaishi nayo.

Kinachotoa hukumu ni ute chini ya hadubini, na hata ya shuleni inatosha. Mchukue gapi (neoni ni wadogo, wanaumia upesi), mshike kwa kiganja kilicholowa maji ya tangi. Kwa ukingo wa kioo chembamba cha kufunikia, pitisha mara moja nyuma ya pezi la kifuani, kutoka kichwani kwenda mkiani, bila kukandamiza, ukipita juu ya doa. Mrudishe majini, yote hayo yasizidi sekunde 15. Ute uweke kwenye slaidi na tone la maji ya tangi, si ya bomba, maana klorini itawaua kabla hujawaona. Tazama papo hapo, ukuzaji mara 40 kisha 100.

Ichthyophthirius: mpira wa kahawia au kijivu, unajiviringisha polepole, vinyweleo vimezunguka mwili mzima, na aliyekomaa ana kiini chenye umbo la chuma cha kwato ya farasi, kilichopinda kama C. Wachanga kiini hicho hakionekani vizuri, kwa hiyo usimkatae kwa kukosa kwato. Epistylis: kengele ndogo ndogo juu ya vikonyo vilivyogawanyika kama tawi. Kengele zinajikunja ukigusa slaidi, kikonyo chenyewe hakijikunji. Kikijikunja kama springi, huyo ni Vorticella, kiumbe mwingine wa majini.

#18 Tochi
Msiache ugonjwa wa vumbi la dhahabu, Piscinoodinium. Zima taa zote, subiri giza, mulika samaki kwa pembeni. Ukiona poda ya manjano au kutu, laini kuliko chumvi, matibabu ni mengine: funika tangi kwa kitambaa kizito, kwa sababu kimelea hicho kinajitengenezea sehemu ya chakula kwa mwanga.

#19 Mapezi Matano
Nimemulika. Hakuna vumbi, ni chembe nyeupe zinazotenganishika. Hadubini naazima kesho. Nimeweka jiwe la hewa na fungu la kwanza la gramu 70. Joto limefika 25.

Je, niwahamishe samaki wagonjwa 7 kwenye chombo kingine?

#20 Fundi Chujio
Hapana mkuu. Ukiwatoa 7 unabaki na vifuko vyote sakafuni na samaki 18 wa kuambukizwa. Na ambaye hana doa haina maana hajapata. Wengi huanza matamvuani, huoni kitu ila kupumua kwa kasi. Ama unatibu tangi zima, ama unawatoa samaki WOTE kwenda chombo cha tiba, na tangi kubwa linabaki bila samaki. Kwenye 27–28°C siku 10 bila samaki zinatosha, wanaoanguliwa wanakosa pa kushika. Uduvi na konokono wanabaki humo salama, kimelea hakiwashiki.

Njia hiyo ya pili ndiyo ningeichagua kama ni lazima dawa ya chupa. Kumbuka chombo cha tiba hakina bakteria wa kusafisha amonia. Chukua sponji moja kutoka chujio la zamani, pima amonia na nitriti kila siku, badilisha maji kila ukiona amonia. Sponji hiyo ikishaingia kule isirudi.

#21 Mwani
Kuna njia ya kuhamisha bila dawa kabisa: vyombo viwili, unawahamisha samaki kila siku kwa siku 7, kile cha kwanza unakiosha na kukikausha kabisa. Kimelea kinachodondoka kinabaki nyuma kabla hakijaangua.

#22 Hadubini
Kwenye 25°C na zaidi kifuko kinaweza kuangua ndani ya saa 24, kwa hiyo saa 24 ni ukingoni. Kwa usalama kila saa 12. Sasa mhesabie neoni 14 kukamatwa kwa wavu mara 14. Ute unatoka, magamba yanatoka. Njia hii namwachia mwenye samaki mmoja au wawili wakubwa.

#23 Kizibo
Sijaona mtu kutaja fomalini na malakaiti. Mlipuko ukiwa mkali, chumvi ni ya polepole mno.

#24 Fundi Chujio
Ni tiba yenye nguvu, na ndiyo maana nimeikwepa mpaka sasa. Ukiamua, iwe kwenye chombo cha tiba. Kipimo kinachotumika ni fomalini miligramu 25 kwa lita, yaani mililita 2.5 za fomalini ya asilimia 37 kwa lita 100, pamoja na malakaiti miligramu 0.1 kwa lita, siku moja ndiyo siku moja hapana. Tetra na kambale anza nusu. Chupa zilizochanganywa tayari hazilingani nguvu, fuata lebo yake, usichukue namba zangu ukazibandika kwenye chupa usiyoijua.

Sasa angalia hatari: kila miligramu 5 za fomalini hula takriban miligramu 1 ya oksijeni. Dozi kamili inaondoa kama 5. Maji ya 30°C yalikuwa na 7.6. Hesabu iliyobaki. Kwa hiyo fomalini na joto la 30 HAVIKAI pamoja, na hata kwenye 25 pampu ya hewa isizimwe hata saa moja.

Mengine ni haya. Ukiona mashapo meupe chini ya chupa ya fomalini, usiitumie. Imekaa kwenye baridi na kilichojitenga ni sumu kali zaidi. Toa kaboni kwenye chujio, itanyonya dawa yote. Zima taa ya UV, inavunja malakaiti. Vaa glavu, fungua madirisha, na mjamzito asiishike dawa hii. Samaki wa kuliwa wasiguswe nayo kabisa. Gundi ya silikoni itabaki na rangi ya kijani daima.

#25 Kizibo
Taa ya UV yenyewe si ingemaliza kazi?

#26 Kokoto Safi
UV inaua anayepita mbele yake tu. Aliye ndani ya samaki na aliye kwenye kifuko hawapiti. Tena maji yakipita kwa kasi, mtoto anatoka upande wa pili akiwa hai. Inapunguza idadi, haiponyi. Na balbu iliyowaka mwaka mzima inang'aa kama kawaida huku nguvu ya kuua imeshapungua sana.

Kinachosaidia kuliko UV ni mpira wa kunyonyea maji. Vifuko viko chini. Nyonya uso wa changarawe kila siku ya pili, lita 20 hadi 25, kwa robo eneo kila zamu ili usivuruge bakteria wako. Maji mapya yawe yameondolewa klorini, joto sawa na la tangi kwa kipimajoto, si kwa kidole, na chumvi iwe imeshayeyuka ndani yake.

#27 Jicho la Samaki
Naona wote mnatibu Ichthyophthirius wakati mwenye uzi hajarudi na slaidi. Kama ni Epistylis, hiyo 28°C itawaangusha kwa bakteria.

#28 Mapezi Matano
Nimerudi. Slaidi mbili za gapi. Ya kwanza, kutoka doa la mkiani: mpira mmoja wa kijivu unaozunguka taratibu, vinyweleo kote, na naona kiini kilichopinda, nadhani ndiyo kwato. Ya pili, kutoka doa kubwa la ukingoni mwa pezi: hakuna mpira. Seli nyingi, ute, na vikengele vitatu ambavyo sina uhakika kama vilikuwa na vikonyo au vimeshikana tu.

Fungu la tatu la chumvi limeingia jana usiku. Joto 27. Madoa leo ni MENGI kuliko juzi, neoni 9. Nimefeli?

#29 Chumvi kwa Gramu
Hapana. Unayoyaona leo yaliingia kwenye ngozi siku kadhaa nyuma, kabla chumvi haijafika gramu 2, yalikuwa madogo tu. Joto limeyakuza haraka. Kipimo chako cha kweli ni madoa MAPYA baada ya siku ya 5. Piga picha ya samaki wale wale kila siku saa ile ile, upande ule ule, uhesabu kwenye picha. Macho peke yake yanadanganya, hasa kwa neoni ambao mstari wa buluu unameremeta.

#30 Jicho la Samaki
Slaidi ya pili inanipa haki kwa nusu. Vikengele vitatu ni vitatu.

#31 Hadubini
Inawezekana una vyote viwili. Epistylis hupenda kukaa juu ya jeraha ambalo tayari lipo, na tundu la kimelea kilichotoka ni jeraha. Inawezekana pia ni Vorticella wa majini aliyedondoka na tone lako la maji. Rudia slaidi kutoka doa lile, maji ya tone yachujwe kwa karatasi. Kwa sasa usipite 28. Ukiona sehemu nyeupe kama pamba, nyekundu pembeni, au tandiko la kijivu mgongoni, shusha hadi 24 siku hiyo hiyo; hapo unapambana na bakteria.

#32 Hita ya Pili
Nakubali 28, ila turudi kwenye swali la uzi. Mimi nasema ilikuwa baridi. 20°C usiku mbili inashusha kinga, na samaki aliyewahi kuugua akapona anaweza kubaki na wachache matamvuani.

#33 Mwani
Ni mimea. Siku 9 zinalingana kabisa: kifuko kwenye jani kinaangua siku ya kwanza au ya pili, kimelea kinakaa kwenye samaki siku chache, wachache wanadondoka, kizazi cha pili ndicho unachokiona. Kizazi cha kwanza kilikuwa doa moja au mawili, nani angeliona.

#34 Kokoto Safi
Ikiwa mimea ilitoka kwenye tangi lenye samaki, ndiyo. Ikiwa ilikuzwa bila samaki, hapana, kwa sababu kimelea hakina pa kuishi. Mapezi Matano, ilitoka wapi?

#35 Mapezi Matano
Miwili ilitoka kwenye tangi la samaki. Mmoja ulikuwa kwenye kikopo kilichofungwa. Na wavu nilioutumia ulikuwa umeazimwa ukarudi ukiwa bado mbichi.

#36 Tochi
Wavu mbichi! Sasa tuna washukiwa wanne.

#37 Hadubini
Baridi peke yake haiumbi kimelea. Ilifungua mlango kwa kilichokuwamo au kilichoingia. Lakini samaki waliopona hupata kinga ya kweli, na kinga hiyo ndiyo inayoweza kuficha maambukizi madogo kwa muda mrefu, kwa hiyo hoja ya Hita ya Pili siwezi kuitupa. Ukiniuliza mimi, ni wavu au mimea miwili, na baridi ikamalizia. Kwa jina lenyewe mtaelewa kasi yake: Fouquet alipokiita hivyo mwaka 1876 aliunganisha "chawa wa samaki" na "watoto wengi". Kimoja kilichodondoka kinatosha.

#38 Mapezi Matano
Siku ya 8 tangu chumvi ifike gramu 2. Doa la mwisho nimeliona siku ya 6. Neoni mmoja amekufa siku ya 4, wengine wanakula. Corydoras mmoja bado anapumua kwa kasi, hana doa. Uduvi wazima. Mmea mmoja wa majani laini umeyeyuka. Naweza kutoa chumvi?

#39 Chumvi kwa Gramu
Bado. Hesabu yako inaanzia siku ya 6, doa la mwisho. Ongeza siku 7 hadi 10 kwenye 28°C, kwa hiyo si kabla ya siku ya 13, na kwa ajili ya huyo Corydoras ningeenda hadi ya 16. Matamvua ndiyo yanayopona mwisho.

Kutoa ni kwa kubadilisha maji bila kurudisha chumvi: lita 25 kila siku ya pili. Kutoka 2 unashuka 1.5, kisha 1.1, kisha 0.8, kisha 0.6. Baada ya zamu ya nne ratiba yako ya kawaida itamaliza kilichobaki. Joto lishuke nyuzi 1 kwa siku, si yote kwa usiku mmoja.

#40 Fundi Chujio
Huyo Corydoras pima nitriti leo. Chumvi inawakinga samaki na sumu ya nitriti, kwa hiyo inaweza kuwa imepanda bila wao kuonyesha, na siku unapoanza kuitoa ndipo itawapiga. Ikiwa ni 0, endelea na mpango.

#41 Mapezi Matano
Nitriti 0.25 😳. Amonia 0.

#42 Fundi Chujio
Ndiyo hiyo. Punguza chakula, mara moja kila siku ya pili, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 2. Toa mabaki ya mmea ulioyeyuka, yote, pamoja na mizizi. Sponji usiioshe wiki hii. Badilisha lita 25 leo na urudishe gramu 50. Chumvi isianze kutoka mpaka nitriti isome 0 siku 3 mfululizo, hata kama siku ya 16 imepita.

#43 Mwani
Na mimea ijayo: chombo chenye maji bila samaki, 25°C, siku 10, ndipo iingie. Kuichovya kwenye dawa dakika chache hakuaminiki, kifuko kinajikinga. Wavu ukauke kabisa juani kabla haujarudi kwenye tangi lolote.

#44 Jicho la Samaki
Mapezi Matano, slaidi ya pili umerudia? Lile doa la ukingoni mwa pezi lilidondoka pamoja na mengine, au lilibaki?

#45 Mapezi Matano
Lilibaki siku 3 zaidi ya mengine yote, kisha likatoka likaacha pengo dogo kwenye pezi. Slaidi ya marudio: ute tu, hakuna mpira, hakuna kengele.